Barua kwa mdogo wangu anayeogopa kuja kujuta

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umefikisha miaka 4 katika kazi ambayo haikufundishi tena kitu, kwamba barua ya kuacha kazi umeiandika na kuifuta mara mbili, na kwamba kinachokuzuia ni hofu ya kuja kujuta. Kukuambia uondoke au ubaki sitathubutu, maana mshahara ni wako na usiku wa kukosa usingizi ni wako pia. Nitakusimulia majuto yangu, kwa kuwa nimekaa nayo muda mrefu kiasi cha kuyajua tabia.

Katika mwaka wangu wa saba kazini ilitangazwa nafasi kwenye idara nyingine. Ilimtaka mtu aliye tayari kujifunza kuchambua takwimu, jambo ambalo sikulijua. Nikajiambia kwamba nitaomba mwaka utakaofuata, nikishajiandaa vizuri, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba subira huvuta heri. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuwa mwanafunzi tena katika umri ule, mbele ya watu waliozoea kuniita mzoefu. Nafasi ile ilichukuliwa na kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, nami nikakaa pale pale miaka mingine 4.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti wa wanasaikolojia wawili, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, uliochapishwa mwaka 1994, nikajiona humo. Waligundua kwamba mtu akiulizwa kuhusu majuto ya siku za karibuni, mara nyingi hutaja jambo alilolifanya likaharibika, lakini akitazama maisha yake yote kwa ujumla, hutaja zaidi yale ambayo hakuyafanya. Kwangu mimi sababu yake ni wazi, kwani kosa ulilolitenda unaweza kuliomba radhi, kulirekebisha, hata kulicheka, ilhali lile ambalo hukulifanya halina mwisho, na akili inaendelea kulipamba kila mwaka. Ile nafasi niliyoiacha imekwisha kunipandisha cheo mara nyingi kichwani mwangu, ingawa huenda ningefukuzwa kabla ya miezi sita.

Usiuchukue utafiti huo kuwa ruhusa ya kutupa kazi kesho asubuhi. Mambo ninayojutia kutoyafanya, mengi yalikuwa madogo kuliko kuacha kazi. Sikuuliza kwa nini mwenzangu alipewa mradi niliouandaa. Sikujadiliana kuhusu mshahara wa mwanzo kwa sababu nilidhani kushukuru na kunyamaza ni kitu kimoja. Hili la mshahara nilifanyie hesabu, kwa sababu watu hulichukulia kirahisi. Wafanyakazi wawili wakianza, mmoja kwa 1,000 na mwingine kwa 1,100, kwa fedha ya nchi yoyote, kisha wote wakaongezwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 wa kwanza atakuwa anapata takriban 1,629 na wa pili 1,792. Pengo la 100 limekuwa 163 bila mtu yeyote kumdhulumu mwenzake, na chanzo chake ni mazungumzo ya dakika chache ambayo mmoja aliyaogopa.

Sasa nije kwenye sentensi yako iliyoniumiza, ile ya kwamba huwezi kuondoka kwa kuwa tayari umewekeza miaka 4. Miaka hiyo imekwenda, ukibaki imekwenda na ukiondoka imekwenda. Jiulize hivi: kama leo ungekuwa mtu wa nje, ukapewa kazi hiyo kwa mshahara huo na mkuu huyo huyo, ungeikubali? Jibu lako litakusaidia kuliko kuhesabu kalenda.

Yapo pia majuto ya upande wa pili, ambayo siyasemi sana. Siku mama alipotoka hospitali wewe ndiye uliyemshika mkono, mimi nilikuwa kwenye kikao ambacho leo hata ajenda yake siikumbuki. Kwa hiyo unapopima kazi mpya, pima na saa zitakazoliwa.

Kabla hujaamua, weka akiba ya kukutosha miezi kadhaa, kwa kuwa mtu asiye na akiba hulazimika kukubali kazi ya kwanza itakayojitokeza. Mtafute anayefanya kazi unayoitamani umwombe akueleze Jumanne yake ya kawaida, saa kwa saa, pamoja na yanayomchosha. Kisha andika sababu za uamuzi wako na tarehe, uzihifadhi. Miaka ikipita utajaribiwa kujihukumu kwa mambo uliyoyajua baadaye, na karatasi hiyo itakukumbusha ulichokijua siku ile. Mimi sikuandika, ndiyo maana hadi leo nabishana na kumbukumbu inayobadilika kila ninapoiuliza.

Barua uliyoifuta iache kwanza. Andika nyingine fupi ya kumwomba mkuu wako kikao, utaje kazi moja mahususi unayotaka kukabidhiwa na lini ungependa kupata jibu. Nitumie niisome kabla hujaipeleka, hata ikiwa ni usiku.

Dada yako.