Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumefundisha kompyuta watu wachache kuliko mwaka jana. Naanza na hilo kwa sababu wapo walioliona kwenye jedwali la katibu na wameshaanza kunong'ona, na ni afadhali mlisikie kwangu. Si kwamba vijana wametukimbia. Orodha ya wanaosubiri haijawahi kuwa ndefu hivi. Kamati iliamua kupunguza, kwa kura, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyonyooshwa. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni maelezo ya uamuzi huo.

Mwezi Januari tuliwaita vijana waliomaliza kozi ya msingi miezi mitatu nyuma. Hatukuwapa mtihani. Tulimwomba kila mmoja akae mbele ya kompyuta peke yake, aandike barua ya kuomba kazi, aihifadhi, aiambatanishe kwenye barua pepe na kuituma. Cheti chetu kinasema wanaweza. Wengi walikwama, na hawakukwama kwenye kuandika. Walikwama mlangoni: hawakuweza kuingia kwenye barua pepe zao wenyewe. Nywila imesahaulika. Namba iliyosajiliwa kupokea msimbo wa uthibitisho ni ya laini iliyokwisha kupotea, au ni ya kaka mtu, au ya rafiki aliyemwazima simu siku ile ya kujisajili. Darasani walikuwa hodari kwa sababu mkufunzi alikuwa akiwahi asubuhi kuwafungulia kila kitu kabla hawajakaa.

Niliporudi nyumbani siku ile nilitoa taarifa zangu za miaka iliyopita nikazisoma upya. Zote zinahesabu: kompyuta ngapi, madarasa mangapi, vyeti vingapi. Hakuna hata moja inayosema nani aliweza kufanya nini baada ya sisi kuondoka. Wafadhili wanazipenda hesabu za namna hiyo, na mimi nilizipenda pia, maana zinasomeka vizuri mbele ya watu.

Basi tukabadilisha. Darasa limepungua nusu, muda umeongezeka maradufu. Wiki mbili za kwanza hatugusi programu ya kuandikia wala ya majedwali. Kila mmoja anafungua barua pepe yake kwa mikono yake, kisha anajifungia nje kwa makusudi, halafu anatafuta njia ya kurudi ndani. Misimbo ya akiba, ile ya kumrudisha ndani hata laini ikipotea, anaiandika kwenye karatasi na kuipeleka nyumbani. Najua baadhi yenu, hasa mnaoshughulika na usalama wa mitandao, mmekunja uso niliposema karatasi. Lakini karatasi iliyofichwa chini ya nguo haidukuliwi na mtu aliyeko bara jingine, na adui mkubwa wa kijana huyu si mdukuzi, ni laini iliyopotea.

Tumeliondoa pia somo la kubadilisha nywila kila mwezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imeshauri tangu mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, na kwamba urefu wa nywila una uzito kuliko kuchanganya alama na namba. Sisi tulikuwa bado tunafundisha kinyume chake, tena kwa vijitabu tulivyochapisha wenyewe. Vilivyobaki tunavitumia upande wa nyuma, kujaribia printa.

Kundi la kwanza la utaratibu mpya tuliliita tena baada ya miezi mitatu, kama wenzao. Hawakufaulu wote. Lakini waliokwama walikwama kwenye kazi yenyewe, si mlangoni. Kwangu hayo ni maendeleo, ingawa hayapendezi yakichorwa kwenye grafu.

Kulikuwa na mshangao mwingine, nao ni swali tunalolisikia kila siku: "Faili langu limekwenda wapi?" Kijana aliyejifunzia kila kitu kwenye simu janja ana vidole vyepesi kuliko mimi na wengi wenu. Anakata video, anaweka muziki, anatuma, yote kabla sijavaa miwani. Ila kwenye simu picha hukaa ndani ya programu ya picha, na ujumbe ndani ya programu ya ujumbe. Hajawahi kulazimika kujua kwamba kuna folda ndani ya folda, wala kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na nakala mbili mahali pawili. Wakufunzi wetu walichukulia kwamba jambo hilo linajulikana. Halijulikani, na si ujinga. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Sasa tunalifundisha kwa mchezo wa kuficha na kutafuta: mwenzako anahifadhi faili mahali, wewe unalitafuta. Vicheko vinavyotoka chumba kile vimewahi kutuletea malalamiko ya jirani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Ripoti ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ya mwaka 2024 inaonyesha kwamba watu wanaoishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu ni takriban milioni 350, yaani asilimia 4 ya watu wote duniani. Wanaoishi mahali inapofika na bado hawaitumii ni bilioni 3.1, asilimia 39. Mnara umesimama, mtu yuko chini yake, na bado yuko nje. Huenda simu imemshinda bei, au bando, au hakuna kilichoandikwa kwa lugha yake, au hana wa kumwelekeza. Kuhusu bando, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2025 gharama ya huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mtu la mwezi. Mwaka 2025 ndio huu, na katika nchi nyingi maskini bei bado iko juu ya mstari huo. Chama chetu hakiwezi kushusha bei ya bando. Kumwelekeza mtu tunaweza, na ndiyo maana nasisitiza huko.

Tulichoweza kufanya kuhusu bando ni kulikwepa. Chumba cha mafunzo sasa kina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayorusha mtandao wa ndani usiohitaji intaneti. Ndani yake tumeweka Kiwix, inayobeba Wikipedia ya kusomwa nje ya mtandao, na Kolibri, yenye masomo na mazoezi ya shule. Mwanafunzi anaunganisha simu yake na kusoma bila kulipa chochote. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua takriban gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi, na hapo ndipo vijana wawili walipouliza kwa nini ni ndogo, na kama wao wanaweza kuiongezea. Wameshaanza.

Sasa kompyuta tulizozikataa. Mwezi Septemba kampuni moja ilitaka kutupa kompyuta zake zilizotumika, nyingi, na ilitaka makabidhiano yenye picha na hotuba. Tuliomba kuzikagua kwanza. Nyingi zilikuwa na Windows 10 na hazina uwezo wa kupokea Windows 11, ambayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo si za zamani sana. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo haipati masasisho ya usalama ya bure, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja. Kwa hiyo wiki chache kabla ya tarehe hiyo tulikuwa tunapewa, kwa shangwe, kazi ya kuwatupia watu taka zao. Tulizichukua zenye diski na kumbukumbu ya kutosha kuendesha Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, tukakataa nyingine. Mfadhili alinuna, na kuna wanachama walionipigia simu kuniambia kwamba mwenye shida hachagui. Nawaheshimu, lakini kompyuta mbovu haikai kimya. Inataka nafasi, inataka umeme, inataka mtu wa kuifufua kila Jumatatu, na kijana akiikuta imezima mara tatu hujifunza kwamba yeye ndiye asiyeweza.

Mnaokumbuka mradi wa One Laptop per Child mtanielewa. Ulitangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte kwa ahadi ya kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Peru ilinunua mamia ya maelfu. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilipofuatilia shule za vijijini huko, matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha watoto wale kuwazidi wenzao katika hesabu wala lugha. Kompyuta zilifika, mwalimu hakuandaliwa vya kutosha kujua azifanyie nini.

Zile tulizozichukua zilitupa darasa bora kuliko yote ya mwaka, na halikuwa kwenye mpango kazi. Tuliweka meza ya ufundi kwenye kona, tukawaachia vijana bisibisi. Wamesafisha feni, wamebadilisha diski za zamani kwa SSD, diski za kisasa zenye kasi zaidi, wameweka Linux wenyewe. Malalamiko kuhusu Linux yalikuja, lakini si kutoka kwa vijana. Yalitoka kwa wakufunzi, na mmoja wao ndiye anayewasomea taarifa hii. Niliitafuta menyu niliyoizoea kwa wiki nzima.

Nakuja kwenye aibu yetu. Msichana mmoja asiyeona alikuja kujisajili akiwa na simu yake, akiitumia kwa kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, kwa wepesi ambao sijawahi kuuona. Fomu yetu ya mtandaoni ilimshinda. Visanduku havikuwa na majina, kwa hiyo simu ilimwambia tu "andika, andika, andika" bila kusema aandike nini. Tangazo la kozi lilikuwa picha tupu. Maneno yote yalikuwa ndani ya picha, na kisoma skrini hakikuyaona. Alipoingia darasani, mkufunzi akasema, "Bonyeza hapa." Akauliza, "Hapa wapi?"

Swali hilo limetutesa mwaka mzima, na nashukuru. Miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG, ipo tangu mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Inasema wazi kwamba picha iwe na maelezo ya maneno, kisanduku kiwe na jina, na maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi yetu ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo kamati iliyasifu kuwa ya kisasa, hayakufika. Kompyuta zetu chache ambazo bado zina Windows sasa zina NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Na "bonyeza hapa" imepigwa marufuku darasani. Mkufunzi anataja jina la kitufe na mahali kilipo, na tumegundua kwamba hata wanaoona walikuwa hawajui "hapa" ni wapi, walikuwa wanaona haya tu kuuliza. Msichana yule amemaliza kozi, na sasa hakuna fomu ya chama inayotoka kabla hajaipitia. Mbili amezirudisha.

Kwa viziwi hatujafanya la maana. Tumeweka maandishi chini ya video, basi. Mkalimani wa lugha ya alama hatujampata, na nakiri kwamba tulichelewa kumtafuta.

Wasichana bado ni wachache kwenye madarasa ya jioni. Tulidhani ni suala la muda tu, tukafungua la asubuhi, wakaja. Lakini tulipowasikiliza, wengi walisema simu wanayotumia ni ya mtu mwingine nyumbani, na mtu huyo husoma kila kinachoingia. Akaunti yako ikiwa kwenye simu ya mwingine si yako. Kwa hiyo tumewapa nafasi ya kutumia kompyuta za chama nje ya saa za darasa, bila kuulizwa wanafanya nini.

Akili mnemba. Mlitaka kozi, na kwenye mkutano uliopita wengine mlitaka kozi zote zigeuzwe kuwa hiyo. Kamati imekubali vipindi vichache, baada ya msingi. Kijana aliyeomba mashine imwandikie barua ya kazi aliletewa barua nzuri yenye shahada ambayo hana. Kama asingejua kusoma kwa makini angeituma. Tunafundisha hilo kwanza.

Kuhusu fedha sina mengi, mweka hazina atasoma hesabu zake. Niseme tu kwamba mfadhili aliyenuna hajarudi, na kwamba ada za wanachama ndizo zilizotuvusha robo ya mwisho. Wenye malimbikizo wanajijua.

Wakufunzi wa kujitolea watatu wamejiuzulu. Wawili wamepata kazi, tunawapongeza. Mmoja aliondoka akipinga kupunguzwa kwa madarasa, na alisema hivyo mbele ya kamati, kwa heshima. Hoja yake ilikuwa kwamba walio kwenye orodha ya kusubiri hawapati chochote wakati sisi tunawatengeneza wachache vizuri. Sijapata jibu la kumridhisha, na naomba ajenda namba 6 ijadili jambo hilo kabla ya kupitisha mpango wa mwaka ujao.

Muda wangu wa uenyekiti unaisha leo na sigombei tena. Funguo za kabati la vifaa ni mbili, moja ninayo hapa na nyingine iko kwa katibu. Nywila ya Raspberry Pi imeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, ndani ya kabati hilo. Namkaribisha mweka hazina.