Barua kwa mwanangu: wale wawili chini ya shuka

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Ulinitumia ile picha ya mvulana na msichana wanaokimbia mvua, ukaniambia kwenye simu, "Mama, hapa hamna cha kufasiri, ni wapenzi wamenyeshewa." Jumapili sikuwa na zamu, nikaenda kuitazama yenyewe pale jumba la makumbusho la Metropolitan, hapa New York. Ile si picha ya kutazamwa kiganjani. Inapita mita 2 kwenda juu. Nilisimama mbele yake hadi miguu ikaniuma.

Mchoraji, Mfaransa Pierre-Auguste Cot, aliionyesha Paris mwaka 1880, akaiita Tufani basi, bila kusema hao ni nani. Watu wakabishana. Wapo waliosema ni Paul na Virginie, wa riwaya ya Kifaransa ya 1788 inayotokea kisiwa cha Morisi, bahari yetu hii hii ya Hindi: nao mvua iliwakuta wakajifunika sketi ya msichana. Wengine wakasema la, ni Daphnis na Chloe wa Longus, Mgiriki wa kale: wachungaji wa kisiwa cha Lesbos, waliookotwa wachanga, mvulana akinyonya kwa mbuzi, msichana kwa kondoo.

Mimi niko na Wagiriki. Mtazame mvulana kiunoni: pembe ya kupuliza, kitu cha mchungaji. Halafu lile gauni. Virginie alikufa maji kwa kukataa kuvua nguo meli ilipokuwa inazama. Binti mwenye haya kiasi hicho humvishi kitambaa kinachoonyesha mwili wote. (Usicheke, mama yako ana macho.) Tena Ugiriki ya kale ilikuwa kisingizio kizuri kwa wachoraji wa enzi ile. Ukishasema ni hadithi ya kale, hata waungwana wanatundika sebuleni.

Ila lile shuka walilolivuta juu ya vichwa ni la Morisi, siwezi kukataa. Nadhani Cot alichota huku na huku makusudi.

Kilichonishika zaidi ni macho. Mvulana anamtazama msichana. Msichana anaitazama tufani.

Kuna masika mvua ilitukuta mimi na baba yako barabara ya 12, Ngamiani kule Tanga, tukajifunika khanga yangu moja. Mimi nilikuwa natazama mawingu, nawaza nguo nilizoanika. Yeye alikuwa anatazama wapi, sijui. Mwulize.

Mama yako