Wamerudiana, lakini wimbo ni wa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu riwaya za mapenzi, hasa zile za wapenzi wa zamani wanaorudiana kwa ajili ya wimbo. Jirani yangu hapa Lindi aliniazima moja mwezi uliopita, nikaimaliza kwa siku mbili. Kijana na binti walikuwa wakitunga pamoja, kijana akahamia Dar es Salaam, wakapoteana, na baada ya miaka mingi wanakutana kukamilisha wimbo uliobakiza ubeti mmoja. Nililia, wala sifichi. Hata hivyo nilibaki na dukuduku, kwa kuwa mwandishi amewapatanisha watu wawili bila kuuliza ule wimbo ni wa nani.

Kutengana kwao nilikuamini. Sisi tuliokuwa vijana huku Kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tunakumbuka jinsi masika ilivyoikata barabara, abiria wakikesha kusubiri pantoni kwenye Mto Rufiji, na barua ya mchumba ikifika wakati jibu lake halina maana tena.

Nisichokiamini ni utunzi wenyewe. Katika riwaya hiyo ubeti wa mwisho unapatikana usiku mmoja, bila ubishi wowote, ilhali kila aliyewahi kutunga anajua kwamba maneno na mahadhi hugombana. Mkazo wa maneno yetu kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yakiusogeza, neno huumia au hugeuka kuwa neno jingine kabisa, kama “barabara” ya kupita magari inavyoweza kusikika kuwa “barabara” yenye maana ya sawasawa. Basi mwenye mahadhi anataka neno likatwe, mwenye maneno anakataa, kina cha kati kinapatikana na cha mwisho kinakosekana, na jioni nzima inaishia kwenye mstari mmoja. Ni humo, katika kugombania neno, ambamo wapenzi hawa wangetambuana upya: mwanamke akajua kabla hajaambiwa kwamba mwenzake atalifupisha, naye mwanamume akakumbuka kwamba huyu hakubali kina cha kulazimisha. Mwandishi alikuwa na hazina hiyo mkononi, akaipita kwa aya moja.

Nasema haya kwa sababu yamenipata. Nilitunga wimbo na mchumba wangu, barazani kwetu, beti tatu kati ya nne zikiwa zangu na mahadhi yakiwa yake. Aliporekodi, jina langu halikutajwa. Miaka ilipita, akaja kuniomba radhi kwa kuondoka kwake, na radhi hiyo nilimpa. Kuhusu zile beti hakutamka neno, nami sikuweza kurudi kwa mtu asiyekumbuka nilichompa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake, na kazi iliyotungwa na wawili hulindwa hadi miaka 50 baada ya kufariki yule wa mwisho kati yao. Maana yake ni kwamba wapenzi wanaweza kuachana wakiwa na umri wa miaka 20, kila mmoja akaoa au kuolewa kwingine, na bado wimbo ukawaunganisha mpaka kaburini na baada yake. Sijui mtunzi wa riwaya anatafuta kisa gani kingine chenye uzito kuliko hicho.

Ninawaomba waandishi wetu, wakiwemo wale wanaokuletea hadithi za kuendelea, wasiharakishe kuwakumbatisha wapenzi hawa. Natamani kusoma sura moja tu ambamo mwanamume anaketi mkekani, anafungua daftari la zamani, anaweka kidole kwenye mstari na kuuliza, “Huu ulikuwa wako au wangu?”, kisha ananyamaza mpaka ajibiwe.

Msomaji wako,
Mtanda, Lindi