Dawa ya kuosha ini ni kutupa pesa tu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hizi dawa za kusafisha damu na kutoa sumu mwilini, maana zimejaa Nairobi kila pahali, ukishuka Muthurwa kuna gari la spika linazitangaza, ukifungua WhatsApp kuna jirani anauza poda, na mimi nikiwa kazini kwa duka la dawa huku Umoja haipiti siku bila mtu kuniulizia. Mtu anatoa shilingi 500 alizopata kwa jasho anataka chai ya kuosha tumbo, na ukimuuliza amekula nini tangu asubuhi anakwambia ni chai na mandazi tu. Inaniuma sana.

Jameni, mwili unajisafisha wenyewe usiku na mchana. Figo za mtu mzima zinachuja kama lita 180 kwa siku, karibu yote inarudi mwilini na ile lita moja au mbili inayobaki ndio mkojo. Ini nalo linavunja pombe na madawa, halafu ile amonia inayotokana na nyama na maharagwe linaigeuza kuwa yurea, figo zinaitoa. Hakuna poda inayofanya hiyo kazi vizuri kuliko hivyo viungo. Zingine za hizo chai zina sena, ambayo ni dawa ya kuendesha tumbo, kwa hivyo unapoteza maji na potasiamu, unajisikia mwepesi, unadhani ni sumu imetoka.

Kitu cha maana ni kupunguzia ini na figo mzigo. Hapa dukani naona hivi: mtu ana homa ananunua parasetamoli, kisha anaitisha na dawa ya mafua, akifika nyumbani anameza zote, hajui hiyo ya mafua mara nyingi pia ina parasetamoli ndani. Mtu mzima hafai kupitisha gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini ama mnywaji sana anafaa kuuliza kwanza maana kipimo chake ni chini ya hapo. Ukizidisha ini linaanza kufa na siku ya kwanza unaweza kuwa huhisi chochote. Geuza pakiti usome zile herufi ndogo, ama utuulize, ndio kazi yetu. Hata dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ambazo watu wa mjengo wanameza kila jioni kwa sababu ya mgongo zinaumiza figo zikitumiwa hivyo kwa muda mrefu, na ni mbaya zaidi kwa mtu ameshinda juani bila maji ama ana presha.

Halafu kuna mahindi. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini. Hiyo sumu inatoka kwa kuvu mahindi yakiwekwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Ukitumiwa gunia kutoka ushago usiliweke chini kwa simiti, na ukiona punje zimebadilika rangi ama zinanuka uvundo usiseme utachanganya na mazuri usage, tupa.

Pombe nayo ini linaivunja kwa mwendo wake, si supu ya asubuhi, si kahawa, si kuoga maji baridi itaharakisha.

Hizo 500 zipeleke kwa mama mboga, utapata sukuma, managu, karoti, ndizi na maharagwe ya siku kadhaa, na choo kitakuwa laini bila chai ya mtu. Kunywa maji mpaka mkojo uwe manjano hafifu (mgonjwa wa figo ama moyo afuate kipimo cha daktari), punguza chumvi kwa chipsi, tembea, lala ushibe usingizi. Na uulizie chanjo ya hepataitisi B, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, kwa sababu watoto wetu walianza kupewa mwishoni mwa 2001 lakini wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawajawahi kuipata. Ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama strungi, ama miguu inavimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende kwa gari la spika.

Ombi langu kwenu Mhariri, na kwa redio zetu pia, ni kwamba mtu akileta tangazo la dawa ya kusafisha damu mumuulize kwanza ndani kuna nini na kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Akikosa jibu, msilichukue hilo tangazo.

Muuza dawa,
Umoja, Nairobi