Mwalimu wa Kihispania asikiache Kiswahili nje ya darasa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na walimu wenzangu, wakuu wa shule na wazazi wa hapa Kisumu na kaunti jirani kuhusu ufunzaji wa Kihispania katika madarasa ya juu ya shule za upili. Somo hili halimo katika lugha za kigeni zinazotahiniwa katika KCSE, ambako kuna Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, kwa hivyo wengi wanaolisoma wako katika shule za kibinafsi zinazofuata mitaala ya kimataifa. Idadi yao si kubwa, lakini inaniuma kumwona mwanafunzi aliyeanza lugha hii kwa hamu akifika darasa la mwisho akiwa hodari wa kujaza mapengo kwenye karatasi, ilhali hawezi kuzungumza na mgeni kutoka Colombia kwa dakika tatu.

Tutazame kwanza mitihani yenyewe inadai nini. Mtihani wa Advanced Placement wa Kihispania, unaotungwa na College Board ya Marekani, kwa miaka mingi umekuwa na sehemu ambapo mtahiniwa huzungumzishwa na sauti iliyorekodiwa na kupewa sekunde 20 za kujibu, mara tano mfululizo. Kisha hupewa dakika 4 za kujiandaa na dakika 2 za kuzungumza, akilinganisha jambo la utamaduni katika jamii yake na lile la jamii inayotumia Kihispania. Insha nayo hujengwa juu ya makala aliyosoma, jedwali au grafu aliyoitazama na rekodi aliyoisikiliza papo hapo. DELE, mtihani wa Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kueneza lugha hiyo, nao humtaka mtahiniwa asikilize na azungumze. Insha ya kukariri haiwezi kumwokoa mtu hapo, na bado ziko shule ambazo muhula mzima wa mwisho huishia katika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita.

Kipindi chetu ni cha dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 30 na mwalimu akawa anamwuliza mmoja mmoja, hata asipopoteza nukta moja kwa kuita majina au kuandika ubaoni, kila mtoto atazungumza kwa dakika moja na sekunde 20 tu. Dawa yake ni kuwagawa wawili wawili, wote wazungumze kwa wakati mmoja, naye mwalimu azunguke akisikiliza na kuandika makosa katika kijidaftari ili ayarejelee mwishoni bila kumkatiza msemaji. Kutakuwa na kelele. Nimewahi kufunza katika shule ambapo naibu wa mwalimu mkuu alisimama dirishani akaniagiza ninyamazishe darasa, wakati wanafunzi walikuwa katikati ya mjadala mkali kuhusu nauli za matatu, wote kwa Kihispania. Kelele ya namna hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mkuu wa shule anayetaka matokeo mema hana budi kuilinda.

Lipo pia suala la muda, ambalo wazazi hulipuuza. Taasisi ya FSI, inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani, imekuwa ikikadiria kwamba mtu mzima anayezungumza Kiingereza huhitaji takriban saa 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanyia kazi kwa Kihispania. Vipindi vitano kwa juma, katika mwaka wa masomo wa wiki 39, ni saa 130. Miaka minne ni saa 520, kabla ya kuondoa siku za michezo, mitihani na tamasha za muziki. Mtoto aliyesoma miaka miwili kwa vipindi vitatu kwa juma hajafikisha hata saa 160, na kumwingiza katika darasa la juu eti kwa sababu mzazi ameomba ni kumdhulumu yeye na wenzake.

Sasa nije kwa jambo linalonikera zaidi. Katika shule nyingi ninazozijua, Kihispania hufafanuliwa kwa Kiingereza, kutoka vitabu vilivyoandikiwa watoto wa Uingereza na Marekani, na Kiswahili, ambacho mwanafunzi amekisoma tangu darasa la kwanza na kukizungumza sokoni na njiani, hakitajwi hata kidogo. Vitabu hivyo hutumia sura nzima nzima kueleza subjuntivo, ile hali ambapo kitenzi hubadilika kinapofuata neno la kutaka, kuagiza au kuhitaji, kwa kuwa Mwingereza amebakiwa na mabaki machache tu ya hali hiyo katika lugha yake. Mtoto wa Kisumu anayo kamili. Husema “nataka aseme”, si “nataka anasema”, na -a ya mwisho imegeuka kuwa -e. Mhispania naye huchukua habla, “anazungumza”, na kusema quiero que hable, “nataka azungumze”, irabu ikigeuka vivyo hivyo. “Mwambie asubiri” ni dile que espere. Ndivyo ilivyo kwa ser na estar, vitenzi viwili vya “kuwa”, ambavyo Kiingereza hutumia kitenzi kimoja mahali pake. Sisi husema “ni mwalimu” lakini “yuko sokoni”, na Mhispania atasema es profesor na está en el mercado. Hata está sentado na está cansado, zinazowatatiza wengi, ni “ameketi” na “amechoka”, yaani hali iliyopo sasa kutokana na jambo lililokwisha kutokea.

Ulinganisho huu una mipaka, na mwalimu makini ataionyesha mapema. Mhispania hutumia subjuntivo kwa shaka, akasema no creo que venga, nasi husema “sidhani kama atakuja” bila -e yoyote. Na baada ya cuando, yaani “wakati ambapo”, kwa jambo ambalo bado halijatokea, huiweka tena pale ambapo sisi tuna “atakapokuja”. Huko ndiko mazoezi yaelekezwe, badala ya kuyamaliza kwa yale ambayo mtoto tayari anayo kichwani. Wala sisemi kipindi kizima kiendeshwe kwa Kiswahili. Dakika tano za kufungua fundo la sarufi zatosha, na zilizosalia zote ziwe za Kihispania.

Kuhusu mada za kuzungumzia, walimu wengi hukimbilia mapigano ya mafahali na dansi ya flamenco, mambo ambayo mwanafunzi hana maoni nayo. Ziwa Victoria lililo mbele yetu lina mengi zaidi. Gugumaji linaloziba Ghuba ya Winam asili yake ni Amerika Kusini, katika bonde la Amazon, na kwa Kihispania huitwa jacinto de agua, au camalote kule Argentina na Uruguay. Huwa nalifanya kuwa somo la juma zima. Wanafunzi husoma makala ya Kihispania kuhusu mmea huo katika mito ya huko, huchora grafu ya bei za samaki walizoziuliza wenyewe pale Dunga, husikiliza mahojiano, kisha huandika insha ya hoja: je, gugumaji livunwe kwa mashine au liachiwe wadudu wanaolila? Msichana mmoja alitumia dakika zake mbili kulinganisha wasusi wa mafunjo wa Dunga na watu wa Uros wa Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, ambao hujenga visiwa vinavyoelea kwa matete yaitwayo totora. Alikosea jinsia ya nomino akasema la problema badala ya el problema, lakini alikuwa na la kusema, na alilisema mpaka muda ukamwishia.

Masikio nayo yazoezwe matamshi ya nchi mbalimbali. Herufi z ambayo sehemu kubwa ya Uhispania huitamka kama th ya “thelathini” huwa s nchini Mexico na kwingineko Amerika, na mwanafunzi aliyezoea tú, yaani “wewe”, ya Madrid atashtuka kumsikia Mwajentina akisema vos. Redio ya taifa ya Uhispania na BBC Mundo hupatikana bila malipo kwenye intaneti, na rekodi ya dakika tatu ikisikilizwa mara mbili kila siku ina faida kuliko filamu nzima inayotazamwa Ijumaa ya mwisho wa muhula. Inafaa pia wanafunzi wajue kwamba Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na kwamba kimo pamoja na Kiswahili katika lugha rasmi za Umoja wa Afrika, maana wengi wao hudhani wanasoma lugha isiyo na mwenyeji barani humu.

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni kwamba ratiba ya mwaka ujao ilipe darasa la juu kipindi cha Kihispania kila siku, hata kama ni lazima vipindi viwili vilivyounganishwa vitenganishwe, kwa kuwa lugha inayoguswa Jumatatu na Alhamisi pekee husahaulika katikati. Kwa walimu wenzangu wa Nakuru, Kakamega na Eldoret, napendekeza tubadilishane wanafunzi kwa njia ya simu kabla ya mitihani, wangu wasailiwe nanyi na wenu wasailiwe nami, ili kila mtahiniwa azoee kujibu sauti asiyoijua. Kuanzia wiki ya tatu ya muhula ujao nitatenga Jumatano alasiri kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa Kihispania,
Kisumu