Mjukuu wangu hakukosea

Mhariri,

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa Kidato cha Pili alirudi na daftari la kemia limepigwa kosa kubwa jekundu. Swali liliuliza namna ya kupata fuwele za mrututu (salfeti ya shaba) kutoka kwenye maji ulimoyeyushwa. Alijibu kwamba angechemsha maji yapungue, azime moto kabla hayajaisha, kisha ayaache yapoe taratibu. Mwalimu akaandika pembeni: maji yakauke yote.

Mimi si mwalimu. Nilipika sukari pale kiwanda cha TPC miaka 22, na siku ambayo ningekausha shira mpaka tone la mwisho ndiyo siku ambayo ningefukuzwa.

Shira tuliipika ndani ya pani iliyonyonywa hewa, ichemke kwenye nyuzijoto 70 hivi isije ikaungua. Ikishakolea unatia mbegu, yaani sukari iliyosagwa laini, halafu kazi inabaki ya macho: unachota kidogo, unapaka kwenye kioo, unaangalia punje zinavyonenepa. Ukiharakisha, zinazuka punje nyingine ndogondogo, zinaziba matundu ya mashine, na msimamizi anakujia bila salamu. Mwisho ule uji mzito unazungushwa kwa kasi. Sukari inabaki kwenye chujio, molasi inatoka na uchafu wake. Punje inayokua polepole hupokea wa kwao tu, wageni inawaacha kwenye maji. Sasa ukikausha maji yote, hao wageni watakwenda wapi?

Tazameni magadi ya Ziwa Natron tunayotia kwenye kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage. Jua limekausha kila kitu kwa pamoja, na floridi imo humohumo, ileile inayotia meno rangi ya kahawia.

Kwa chumvi ya mezani nisingebishana sana. Gramu 100 za maji hubeba gramu 36 hivi yakiwa ya kawaida, na 39 yakichemka, kwa hiyo kuyapoza hakusaidii kitu. Lakini mrututu! Ukiukausha kabisa kwa moto unapata unga mweupe, kwa sababu maji ni sehemu ya fuwele yenyewe. Mzee yeyote wa Kibosho aliyepulizia kahawa dawa hiyo anajua mrututu ni wa buluu.

Mama yake alipokwenda shuleni aliambiwa jibu limetoka kwenye mwongozo wa kusahihishia. Mwenye mwongozo huo atuoneshe ukurasa. Mtoto anadai alama zake mbili.

Mpika sukari mstaafu,
Pasua, Moshi