Bibi aliyekataa kutia saini

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inayotutesa.

Umeniuliza kama wanawake wa Uingereza ya zamani walikuwa na fungu lao katika mirathi, na umeniomba nikujibu vizuri kwa kuwa mambo ya mirathi ndiyo kazi yako. Nitakujibu kwa habari ya mtu mmoja, maana tangu nihamie huku kaskazini nimemsoma sana na kila nikipita Appleby namkumbuka. Jina lake Lady Anne Clifford. Alizaliwa mwaka 1590 katika ngome ya Skipton, na watu wa huku wanamtaja mpaka leo kama bibi wa jirani.

Baba yake, George Clifford, alikuwa Earl wa Cumberland, cheo kikubwa cha kurithi, na mtu wa bahari. Alipeleka merikebu zake kuwinda mali za Wahispania, na mwaka 1598 aliiteka San Juan ya Puerto Rico. Sifa alizipata, ila madeni aliyoyaacha yalikuwa makubwa. Watoto wake wawili wa kiume walikufa wangali wadogo, akabaki binti mmoja, Anne. Alipofariki Oktoba 1605, Anne akiwa na miaka 15, wosia ukasomwa: ardhi yote, za Skipton na za Westmorland, mkoa wa zamani wa huku kaskazini, apewe Francis, mdogo wake George, na baada yake wanawe wa kiume. Binti apewe pauni 15,000. Ukoo wa kiume wa Francis ukikatika, hapo ndipo ardhi imrudie Anne.

Wewe ungeanza kupiga hesabu za mirathi ya Kiislamu papo hapo. Binti mmoja nusu, mjane thumni, ndugu wa marehemu achukue kilichobaki, na wosia usivuke theluthi. Huko kwao haikuwa hivyo. Ardhi ya wakubwa ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, wadogo zake wakaambulia fedha au kazi. Pasipo mtoto wa kiume, sheria ya kawaida iliwapa mabinti wagawane sawasawa, lakini wenye milki walitumia hati na wosia kuikwepa kanuni hiyo ili ardhi ikae pamoja na jina na cheo. Mjane alitengewa sehemu ya kuishi nayo mpaka afe. Mama yake Anne, Margaret Russell, alitengewa Westmorland.

Huyo mama ndiye aliyeiwasha kesi. Alizama katika hati za zamani na kuzipata zile za enzi za mfalme Edward wa Pili, karne ya 14, zilizoifunga ardhi kwa wazao wa mwenyewe, awe wa kiume au wa kike. Maana yake George hakuwa na mamlaka ya kuitoa kwa ndugu yake ilhali binti yake yuko hai. Margaret alikusanya makaratasi, akaajiri wanasheria, akamfundisha binti yake kila kipengele. Nikikwambia nani namheshimu zaidi kati ya mama na binti, napata tabu kuchagua.

Mwaka 1609 Anne akaolewa na Richard Sackville, aliyekuja kuwa Earl wa Dorset, wakaishi Knole, kule Kent. Na hapa, shoga, ndipo kisa kinapokuwa kizito, maana adui hakuwa baba mdogo peke yake. Kwa sheria ya wakati ule mke aliyeolewa hakuwa na mali yake. Fedha zake ni za mume, pango la ardhi yake ni la mume. Lakini ardhi ya urithi wa mke haikuweza kuuzwa moja kwa moja bila ridhaa yake. Alipaswa kukubali mbele ya hakimu, akihojiwa kando na mumewe, ili ijulikane hakulazimishwa. Dorset alikuwa mtu wa kamari, mashindano ya farasi na mavazi ya gharama. Alitaka Anne aachilie madai yake yote, baba mdogo atoe fedha, yeye alipe madeni. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni saini ya mke.

Akakataa. Mwaka 1616 alisafiri kwenda kwa mama yake Westmorland kushauriana, na tarehe 2 Aprili wakaagana njiani karibu na Brougham. Hawakuonana tena, mama alifariki tarehe 24 Mei. Mwezi huohuo wa Mei mume aliagiza mtoto wao wa pekee, Margaret, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, aondolewe kwa mama yake. Alijua anapomgusa. Anne aliandika habari hizi katika shajara yake siku baada ya siku, bila kujipamba: mume yuko London kwenye michezo ya kuigiza na mapambano ya jogoo, yeye yuko shamba na moyo mzito, karibu kila mtu anamlaumu, naye amekuwa kama bundi wa jangwani. Maneno hayo ni ya Zaburi. Nimeyasoma mara nyingi na bado yananiuma.

Januari 1617 akapelekwa mbele ya mfalme James. Malkia alikwisha kumwonya asimwachie mfalme mambo yake yote, asije akadanganywa. Mfalme akawauliza wote kama watakubali hukumu yake. Baba mdogo akakubali, binamu akakubali, mume akakubali. Anne akapiga magoti, akaomba asamehewe, akasema hataiachia Westmorland maadamu yu hai, kwa sharti lolote lile. Walimbembeleza, wakamtisha, naye hakurudi nyuma. Alikuwa na miaka 26.

Mfalme alitoa hukumu yake Machi mwaka huo bila ridhaa yake: ardhi ibaki kwa Francis na wanawe, na fidia ya pauni 17,000, ambazo kwa sheria niliyokueleza zilikwenda kwa mume.

Basi alishindwa? Kwa karatasi, ndiyo. Miaka iliyofuata naipita haraka. Dorset alikufa 1624. Mwaka 1630 akaolewa na Philip Herbert, Earl wa Pembroke, na ndoa hiyo nayo haikuwa na raha. Francis akafa 1641. Mwanawe Henry akafa Desemba 1643 bila kuacha mtoto wa kiume. Ardhi ikamrudia Anne, miaka 38 baada ya wosia kusomwa. Wengi husema alishinda kesi. Mimi sikubaliani: hakuna mahakama iliyompa. Kilichompa ni kifungu kilekile cha mwisho cha wosia wa baba yake, pamoja na umri mrefu. Alichokishinda yeye ni jingine: hakuna siku hata moja aliyosema kwa kinywa chake kwamba ardhi ile si haki yake.

Mwaka 1646 alichorewa picha kubwa ya pande tatu, ambayo sasa ni ya jumba la Abbot Hall mjini Kendal. Katikati wako wazazi wake na kaka zake waliokufa. Upande mmoja ni yeye akiwa na miaka 15, upande wa pili akiwa mwanamke wa makamo. Ndoa zake mbili na miaka yote ya katikati hakuipa nafasi ya kusimama humo, mbali na picha ndogo za waume zake. Ukimtazama yule msichana unaona wazi kwa nini umri ule ndio uliochaguliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimzuia London, akaja kaskazini 1649, na mwaka uliofuata akawa mjane mara ya pili. Aliikuta ngome ya Skipton imebomolewa kwa amri ya Bunge. Ngome ya Brough ilikuwa imeungua tangu 1521. Akajenga. Skipton, Appleby, Brougham, Brough, Pendragon, na makanisa kadhaa. Kwenye mawe ya ukumbusho aliandikisha Isaya 58:12, habari za mwenye kutengeneza palipobomoka. Appleby alijenga nyumba za wajane maskini. Na pale alipoagana na mama yake alisimamisha nguzo mwaka 1656, akaweka pauni 4 zigawiwe maskini wa Brougham kila tarehe 2 Aprili.

Lakini usije ukamfanya mtakatifu. Wapangaji wake wa Westmorland walidai haki zao za desturi juu ya mashamba waliyolima baba zao, na yeye akawapeleka mahakamani. Mtu aliyejua uchungu wa kunyang'anywa ardhi kwa hati hakulegea mbele ya watu waliokuwa na desturi tu mkononi. Hilo linanisumbua. Nadhani hakupigania wanawake wala wanyonge. Alipigania damu ya Clifford, na kwa bahati damu hiyo ilikuwa imebaki kwa mwanamke.

Alifariki Brougham tarehe 22 Machi 1676, na miaka 86, akazikwa Appleby karibu na mama yake. Milki ikaenda kwa Margaret, yule mtoto aliyenyang'anywa, na baadaye kwa wanawe wa ukoo wa Tufton.

Sasa nijibu wewe: hao akina mama wanaokuja kwenu na karatasi walizokwisha kutia saini kwa kushinikizwa na waume au wajomba, mnawasaidiaje? Kuna anayewahoji kando kabla ya kutia saini? Niandikie kwa kirefu, na umsalimie sana mama.

Wako akupendaye,
Shoga yako